Ukurasa wa Sita Ulioliwa na Mbuzi

Wiki iliyopita nilinyakua sanduku la watu msibani, mchana kweupe, mbele ya shehe na wanawake wasiopungua elfu mbili, na hakuna aliyenishika mkono. Binti yangu anasema wanawake walikuwa sitini na kidogo. Yeye alikuwa anagawa vikombe vya chai na mie nilikuwa natazama watu, tofauti yetu ni hiyo tu.

Sanduku lenyewe ni la bati, la kijani, limeota kutu kwenye pembe, na sasa limekaa sebuleni kwangu kama mgeni aliyekuja kushinda akaamua kulala. Jana nililifungua. Kabla sijaona hata karatasi moja, harufu ikanipanda puani: unga wa muhogo uliopikwa ukawa gundi, ukakauka, ukafungiwa humo tangu mie nikiwa msichana. Wenzangu wakikumbuka utoto hunusa vitumbua, au udongo wa mvua ya kwanza. Mie nanusa gundi. Nilikaa sakafuni na magoti yangu haya mabovu, nikacheka peke yangu mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna usalama.

Bi Mwamvua amefariki. Kwa nyie mliokulia Tandika na Temeke enzi za foleni, ndiye yule aliyekuwa akibandika hadithi kwenye ukuta wa duka la ushirika. Vitabu vyake hamtavipata dukani, kwa sababu havikuchapwa. Lakini nawaambieni, hakuna mwandishi wa nchi hii aliyesomwa na watu wengi kwa siku moja kama yeye, na wote wakiwa wima.

Mnayakumbuka mawe ya foleni. Habari zikienea kwamba lori litaleta sukari, alfajiri kila nyumba inatoka na jiwe lake, inalipanga mbele ya duka, inarudi kuchemsha chai kavu. Jiwe linakushikia nafasi. Letu lilikuwa kipande cha tofali la saruji ambacho mama alikitia alama ya mkaa, na kiliheshimika pale nyumbani kuliko mimi. Nimewahi kuona mawe mawili yakigombania nafasi na wenyewe hawapo. Jua likishapanda, kila mtu anakwenda kusimama kwenye jiwe lake. Foleni inaanzia mlangoni, inafuata ukuta wa duka, ambao ulikuwa mrefu kwa sababu zamani lilikuwa ghala, inakata kona, na siku za sabuni mkia wake ulikuwa unafika Mbagala. Haya, haukufika Mbagala. Ulifika mtaroni.

Ukuta ule ndio uliokuwa kitabu cha Bi Mwamvua. Kila Jumamosi alibandika kurasa nane, mmoja hapa, mwingine hatua kumi mbele, wa kwanza kule mkiani na wa nane karibu na mlango. Foleni ikisogea, unasogea na hadithi. Ukitaka kujua mwisho sharti ufike mlangoni. Kuna watu walifika pale wakaambiwa sukari imekwisha, wakajibu haidhuru, tumeshajua Tabu kalala wapi. Tabu ndiye alikuwa msichana wa hadithi, na hapakuwa na mtoto wa kweli mtaani aliyejadiliwa kama yeye. Wazee walimtafutia dawa ya kikohozi.

Mwenyewe Bi Mwamvua alikuwa Mzaramo wa hapohapo, mrefu, mwenye mwendo wa mtu ambaye shughuli haianzi mpaka afike. Jioni alifundisha kisomo cha watu wazima. Aliandika kwa mkono wa kushoto, kwa wino, na vidole vitatu vya mkono huo vilikuwa vya bluu hata siku ya Idi. Majirani walimnung'unikia jambo moja tu, ule unga wa muhogo.

"Watu tunalala na njaa, wewe unalisha ukuta," walimwambia.

"Ukuta ukishiba," alijibu, "na nyie mtashiba."

Mie nililichukua jibu hilo kama lilivyo, na hapo ndipo upotofu wangu wote ulipoanzia. Nilikuwa darasa la saba, na niliamini kwa moyo mmoja kwamba kinachoandikwa ukutani ni lazima kitokee. Ushahidi nilikuwa nao. Wiki ile Tabu aliponunuliwa doti ya kanga, lori lilishusha kanga. Wiki aliyougua jino, mama yangu alivimba shavu. Wiki moja mvua ilinyesha kwenye hadithi na kweli ikanyesha, ingawa ilikuwa masika na ilikuwa inanyesha kila siku. Sikuwa mtoto wa kubabaishwa na mambo madogo kama hayo. Niliona wazi kwamba serikali humtuma mtu kuja kuusoma ule ukuta, akirudi ndipo inapakia lori.

Karatasi alipewa na baba. Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mpakia mizigo wa reli, na fomu za mizigo zilizokwisha kazi alimletea Bi Mwamvua, mbele zimechafuka, nyuma nyeupe. Sasa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwa miguu, na wale wawili walikuwa hawawezi kupeana hata karatasi bila kuchinjana kwanza.

"Mpagazi, karatasi zangu ziko wapi?"

"Zipo. Naona Mzaramo leo kaamka kabla ya adhuhuri, kuna ngoma?"

"Nimeamka nikutazame. Babu yako alibeba mzigo kichwani toka Tabora mpaka hapa. Alipoiona bahari akauliza nani kaacha bomba wazi."

"Na babu yako aliiona, akatandika mkeka kando yake, na mpaka leo hajaamka."

Mie nilikuwa nacheka mpaka nashika ukuta. Baba alinieleza sheria yake: mtani hanuniwi. Anaweza kukuvua kofia barabarani, anaweza kuja kwenye msiba wako akajilaza mlangoni maiti isitoke, na kitu akikichukua kimechukuliwa. Utakikomboa kwa masharti atakayotaka yeye, ama utakiacha. "Mtani haulizwi," alimalizia. Niliiweka sheria hiyo kichwani bila kujua nitaihitaji.

Nyumbani mwaka ule kulikuwa na barua. Iliandikwa na shangazi wa Tabora, dada mkubwa wa baba. Wazazi wao walipokufa ndiye aliyembeba baba mgongoni, akamwachia yeye shule, mwenyewe akashika jembe. Mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti, maana mama alikuwa bado hajaanza kisomo. Shangazi alisema mtoto akimaliza la saba, asipochaguliwa kuendelea na sekondari, apelekwe kwake. Kuna kijana ana ng'ombe na ana adabu. Nilipofika kwenye ng'ombe nikainua macho. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaelewa kwamba amekubali, na kwamba amefurahi kupunguza mdomo mmoja wenye kelele. Nilielewa vibaya, lakini hayo nitayasema mbele.

Kuchaguliwa sekondari wakati ule, wenzangu mnajua, ilikuwa kama kuchaguliwa kwenda mwezini. Mama hakusubiri matokeo. Alinunua sanduku. La bati, la kijani.

Basi nikaanza kusimama kwenye foleni kama mtu aliyebakiwa na siku za kuhesabu. Mama alinipenda pale kwa sababu ya kusoma. Wengi walikuwa hawajui herufi, kwa hiyo mie nilisoma kwa sauti na kundi zima linasogea na sauti yangu, ukurasa hadi ukurasa, kama vifaranga.

Jumamosi moja hadithi ikafika pabaya. Mjomba wake Tabu alikuwa amemposesha huko bara, mbali, na ukurasa wa tano uliishia stesheni: Tabu kasimama na sanduku lake, mjomba kashika tikiti, gari moshi linapuliza honi. Kinamama nyuma yangu wakaanza kuguna.

Foleni ikasogea hatua kumi. Pale palipotakiwa kuwepo ukurasa wa sita palikuwa na ukuta uliolowa, na pembe moja ya karatasi. Na chini yake alikuwa amesimama beberu wa Mzee Sefu, yule mwuza mkaa wa ng'ambo ya barabara, beberu mwenye ndevu za hakimu, anatafuna taratibu, macho kayafumba kama mtu anayesikiliza taarabu. Gundi ya muhogo ilikuwa tamu, nadhani. Akameza, akaenda zake.

"Soma basi," mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanisukuma. "Kapanda au hajapanda?"

Ningeweza kusema ukurasa umeliwa. Mtoto mwenye akili timamu angesema hivyo. Lakini mie nilijua kilichokuwa kimeandikwa pale, nilikijua kama ninavyojua jina langu, na nilijua pia kwamba kikisomwa mbele ya ukuta ule kitatokea, na kikitokea kwa Tabu kitatokea na kwangu. Nikausogelea ukuta, nikapakinga pale kwa mabega yangu watu wasione, nikaikazia macho ile pembe ya karatasi, nikasoma ukuta mtupu.

Nilisoma hivi. Mara akatokea bibi mmoja wa Kizaramo, hakumsalimia mtu, akaja akaketi juu ya sanduku la Tabu. Mjomba akasema, bibi, ondoka, gari moshi linatuacha. Bibi akasema, mimi ni mtani wenu. Sanduku hili nimelichukua, na mwenye sanduku nimemchukua. Mjomba akasema, huyu ameshaposwa. Bibi akajibu, mwambieni aliyemposa aje achumbie sanduku.

Foleni ikalipuka. Nawaambieni watu walicheka mpaka mawe yakahama. Mama mmoja aliyekuwa ameshafika mbele alirudi nyuma kunisikiliza, akapoteza nafasi, hakujali. "Kaketi juu yake kabisa?" waliuliza. "Rudia hapo alipoketi." Nikarudia mara tatu, na kila mara yule bibi alizidi kunenepa.

Nilikuwa nimesahau kwamba kuna ukurasa wa saba. Mungu si Athumani, ule wa saba ulianza kwa kusema gari moshi liliondoka, na kwangu mie liliondoka kweli, ila bila Tabu. Kutoka hapo kurasa zote mbili zilikuwa za mama yake huko nyumbani analia. Kila palipoandikwa alilia, nikaongeza "kwa furaha". Alilia mara sita. Haijapata kutokea Temeke mama mwenye furaha kama yule.

Tulipopata nusu kilo yetu na kugeuka, Bi Mwamvua alikuwa amesimama pale, kapu mkononi. Naye alikuwa anakula sukari kama sisi, na jiwe lake lilikuwa la nane nyuma ya letu. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Mnyamwezi mdogo."

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba. Ukurasa wa sita mie niliuandika vile?"

Nikatazama vidole vyake vya bluu.

"Nakuuliza wewe."

"Umeliwa na mbuzi, bibi."

"Na mbuzi alipoumeza ndipo akakunong'oneza?"

Mama akaanza kuniombea radhi, na Bi Mwamvua akamnyamazisha kwa kiganja. "Mie niliandika Tabu kapanda gari moshi," alisema. "Kaenda. Kwa sababu ndivyo wanavyokwenda."

"Nilijua," nikasema.

"Ulijuaje na umeliwa?"

"Kwa sababu na mie naenda. Sanduku limeshanunuliwa."

Foleni ikasogea, yeye hakusogea, watu wa nyuma wakaanza kulalamika. Halafu akauliza, si kwa ukali, "Yule bibi anayekalia sanduku, umemtoa wapi?"

"Kwa baba. Baba anasema mtani haulizwi."

Nilirudi nyumbani nikisubiri kuchapwa, wiki nzima nasikiliza hatua mlangoni. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye ule ukuta kama anayekwenda kwa daktari wa meno. Ukurasa wa kwanza ulianza hivi: Tabu aliamka nyumbani kwa mtani wake, na sanduku lilikuwa chini ya kitanda. Nilisoma kwa sauti ambayo nadhani waliisikia Kigamboni.

Siku hiyohiyo aliniita kwake. Alikuwa anakoroga gundi jikoni, moshi umemjaa machoni. "Kuanzia leo ukurasa wa sita ni wako," alisema. "Kurasa saba zangu, mmoja wako. Ukiuharibu nitaufuta mbele ya foleni nzima." Kisha akanipa somo moja ambalo sijapata jingine la kulipita, na nimeketi madarasani miaka mingi. "Mwandikie mtu aliyesimama. Miguu inamuuma, mtoto kamlalia mgongoni, sukari inaweza kwisha. Kila sentensi imsogeze hatua. Anayeandika kwa ajili ya watu walioketi anaishia kuwalaza."

Nikaandika ukurasa wa sita kila wiki. Nilidanganya humo kadiri nilivyoweza. Nilimpa Tabu tembo, akamfuta. Nilimpa ndege ya kwake mwenyewe, akaifuta, akaandika pembeni: "Atatua wapi?" Lakini foleni ilianza kujua. Walikuwa wakifika pale wanasema, "Huu wa mtoto," na wanasimama kidogo zaidi. Mama yangu ndipo alipojiandikisha kisomo. Alisema amechoka kusikia mambo ya bintiye kutoka kwa watu wa mbele yake.

Matokeo yakaja. Sikuchaguliwa. Na Jumatatu moja akafika baba mdogo, ndugu yake baba, kutoka Tabora, na tikiti mbili mfukoni. Mie nilikuwa bado na imani yangu ya ukuta, lakini imani ilishuka magotini nilipoona mama anakunja nguo zangu na kuzipanga sandukuni, akitia na mche mzima wa sabuni, katika uhaba ule. Nikajua sasa hapana mchezo. Baba ndiye aliyelibeba sanduku. Akalitoa, akalitua katikati ya ua, kwenye jua, akasema anakwenda kutafuta mtu wa mkokoteni. Alikwenda akakawia. Baba mdogo akawa anatembea ua mzima akitazama saa.

Mlango wa ua ukafunguliwa. Hakubisha hodi. Bi Mwamvua alipita katikati yetu akiwa amejifunga kanga ya kutokea, hakumsalimia mtu, akafika kwenye sanduku, akaketi. Bati likabonyea. Mpaka leo limebonyea, njooni mtazame.

Baba mdogo alikohoa. "Dada, samahani, hilo sanduku linasafiri."

"Mie si dada yako. Mie mtani wako. Jua la kwenu limekuunguza hivyo au umezaliwa umeshaiva?"

Namwona mpaka leo baba mdogo alivyotaka kukasirika, kisha uso ukamgeuka. "Kumbe Mzaramo. Ondoka hapo, mwanamke, utalivunja kwa uvivu wako."

"Nimelichukua," alisema Bi Mwamvua. "Sanduku nimelichukua. Na mwenye sanduku nimemchukua."

Mie nilikuwa nimesimama mlangoni, na maneno yale niliyajua neno kwa neno.

"Huyu ameshaposwa," alisema baba mdogo.

"Mwambieni aliyemposa aje achumbie sanduku."

Baba alikuwa amerudi. Mtu wa mkokoteni hakuonekana. Alisimama kwenye mlango wa ua, kavua kofia, uso mkavu kama karani wa mahakama. "Mtani," alisema, "tutamkomboa kwa nini?"

Bi Mwamvua akajiweka sawa juu ya bati. "Nileteeni simba," alisema. "Amenyolewa denge, nywele zibaki utosini tu, kwa wembe mpya, na asiwe na jeraha hata moja."

Baba akamgeukia ndugu yake. "Umesikia. Mtani kachukua. Mie nina la kusema?"

"Dada mkubwa nitamwambia nini?"

"Mwambie tunatafuta kinyozi."

Baba mdogo alitazama saa, akamtazama Bi Mwamvua, akaketi chini kwenye kizingiti akacheka mpaka akajifuta machozi na tikiti. Alisafiri peke yake. Bi Mwamvua alitoa nguo zangu zote, akampa mama, na sanduku akaondoka nalo kichwani. "Mmeona," alimtupia baba alipopita, "siku hizi hata mizigo yenu tunawabebea sisi."

Shangazi alijibu baada ya miezi miwili, barua fupi. Kama ni mtani aliyechukua, aliandika, basi. Ila mwambieni siku nikifika Dar es Salaam nitaondoka na mlango wa nyumba yake. Alikuja miaka ya baadaye, na aliondoka na kinu. Yule kijana wa ng'ombe alioa mwingine, na nasikia adabu ilikuwa kweli.

Bi Mwamvua hakuniacha nishangilie. Alinipeleka masomo ya jioni kwa kunishika sikio, nikaketi dawati moja na askari mstaafu na mwashi aliyekuwa analala kwa kukoroma kwa Kiingereza. Nilisoma nikiwa msichana, nikasoma nikiwa mchumba, nikasoma na mtoto mgongoni na mwingine njiani. Hisabati niliifeli mpaka mwalimu akaanza kuniita shemeji. Siku niliyopokea cheti cha kidato cha nne, Bi Mwamvua alifika mapema akaketi kwenye kiti cha mgeni rasmi. Walipomwomba ahame, alisema, "Mgeni ni nani hapa? Mie ndiye niliyekalia sanduku." Mgeni rasmi alitafutiwa benchi.

Nimeandika tangu siku ile. Risala, barua za watu, hadithi fupi zilizotoka magazetini, vitabu viwili vya watoto. Kila nilichoandika nilimpelekea, na hata macho yalipomwisha alitaka nimsomee nikiwa nimesimama. Nikiketi aliniuliza kama nimechoka au hadithi ndiyo imechoka.

Ndipo ilipofika wiki iliyopita. Niliingia msibani nikiwa na machozi yangu yote tayari, na jambo la kwanza nililoliona uani lilikuwa lile sanduku, limewekwa pamoja na magodoro mabovu. Nilimwuliza mpwa wake, kijana mwema tu, anayelea watoto wanne, aliyerithi nyumba ile.

"Ni makaratasi ya marehemu, mama," alinijibu. "Yule dada wa karanga pale kona kasema atayachukua, ya kufungia."

Sikubishana naye. Nilikwenda, mbele ya shehe na wale wanawake elfu mbili, nikaketi juu ya sanduku.

"Mama, utaumia, limeoza hilo."

"Nimelichukua," nikasema.

"Lakini mama—"

"Mimi ni mtani wenu. Mnyamwezi. Mkitaka kulikomboa nileteeni simba aliyenyolewa denge."

Kijana akamtazama shehe. Shehe, naye Mzaramo mtu mzima, alikuwa anaminya midomo. "Mwache," alisema. "Kachukua. Mtani haulizwi." Na kicheko kilipita uani mwa msiba kama upepo, bibi kizee mmoja kwenye mkeka akasema kwa sauti, "Huyu si yule mtoto wa ukurasa wa sita?" Sikulia tena siku ile. Ningelia vipi.

Jeneza lilipotolewa, baba alikuwa mlangoni. Ana miaka mia na kumi, au tisini, anategemea fimbo na bega la mjukuu. Akawasimamisha waliobeba. Hawakuwa na budi, ni haki yake. Akaweka kiganja juu ya jeneza.

"Mzaramo," alisema, "niwie radhi. Kinyozi bado sijampata."

Wanaume walilipeleka jeneza wakiwa wanacheka na machozi yanawatoka, na sijaona maiti iliyosindikizwa vizuri kuliko ile.

Jioni nilimrudisha baba nyumbani. Nilikuwa nimeweka sanduku kiti cha nyuma. Akalitazama, akasema polepole, kama mtu anayetaja bei ya zamani ya sukari, "Siku ile nilikwenda mwenyewe kumwita."

"Siku gani?"

"Ya safari. Unafikiri nilikuwa natafuta mkokoteni? Dada yangu alinibeba mgongoni, mwanangu. Kumwambia hapana sikuweza. Nilikosa usingizi mwaka mzima. Halafu pale kazini kuna wapakiaji walikuwa wanacheka hadithi ya foleni, bibi kakalia sanduku, mtani kamchukua msichana. Nikasema, kumbe dawa ipo. Nikaenda kwa Mwamvua nikamwambia siku na saa."

"Hukujua aliyeitunga hadithi ni nani?"

"Aliniambia yeye," alisema baba. "Na siku yenyewe nilipofika kumwita, alikuwa ameshavaa kanga ya kutokea."

Kwa hiyo sikukosea sana, mnaona. Kilichosomwa ukutani kilitokea, ila kilipitia kwa baba yangu, ambaye nilidhani anafurahi kuniona naondoka.

Jana, harufu ya gundi iliposhuka, nikaanza kutoa karatasi. Fomu za reli, mamia, kila Jumamosi imefungwa kwa uzi. Ya juu kabisa haikufungwa na nyingine. Ilikuwa fomu moja, na pembeni ilikuwa imegandishwa pembe ya karatasi iliyolika, yenye alama za meno. Chini yake, kwa mwandiko wake wa kuinamia kushoto, ulikuwa ukurasa wa sita. Si ule alioutunga yeye. Ni wangu, kama nilivyousoma kwenye ukuta mtupu, na pale alipoketi bibi palikuwa pameandikwa mara tatu, maana nilirudia mara tatu. Mwisho kabisa, kwa herufi kubwa na wino wa bluu, jina la mwandishi. Nililisoma taratibu, kwa sababu lilikuwa langu, na kwa sababu tarakimu za mzigo upande wa pili zilikuwa zinapenya.

Leo Jumamosi nimepika gundi. Unga wa muhogo siku hizi haukosekani, nimepika sufuria nzima, wajukuu wakadhani ni uji. Nimeunakili ule ukurasa kwa mkono wangu, nimetoka nao nje, nimeubandika ukutani kwangu upande wa barabara, pale watu wanaposubiri maji ya bomba na madumu yao. Sikuuweka chini, nawajua mbuzi wa mtaa huu na nadhani wengine ni kizazi cha yule wa Mzee Sefu. Nimeuweka kwenye kimo cha mtu aliyesimama.